Miguu ya Kifaru na Nyuzi za Mbao: Jibu kwa Mwalimu wa Sanaa wa Njoro

Swali: Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari msingi karibu na Njoro, Kaunti ya Nakuru. Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu 46 wa gredi ya 8 picha za wanyama wa mbao wa rangi kali wanaotengenezwa Meksiko, nikawataka wachonge na kupaka rangi wanyama wa kwetu. Fundi jirani alitupa vipande vya saiprasi, na mzazi mmoja akatuletea gogo la jakaranda. Tuna misumeno mitatu na patasi nne. Waliomaliza ni tisa tu. Miguu ya vifaru ilivunjika, shingo za twiga zikakatika, sanamu za jakaranda zikapasuka, na rangi ikaanza kubambuka kabla ya siku ya wazazi. Je, nianze upya kwa njia ipi, au mradi huu haulifai darasa kubwa kama langu?

Jibu: Mwalimu, pole kwa vifaru, na hongera kwa kuthubutu. Mradi huu unalifaa darasa la wanafunzi 46, na hata la 60, kwa sharti kwamba mbao isikilizwe kabla ya penseli, patasi na brashi. Makosa manne uliyoyataja nayaona kuwa ni jozi mbili tu. Miguu na shingo vilivunjika kwa sababu ya mwelekeo wa nyuzi. Jakaranda ilipasuka na rangi ikabambuka kwa sababu ya maji yaliyokuwa bado yamo ndani ya mbao. Wanafunzi wako hawakuwa wazembe, na upungufu wa vifaa haukuwa kikwazo kikubwa hivyo. Patasi zenyewe nitakushauri uzitumie kidogo kuliko ulivyozitumia.

Tuanze na nyuzi. Mti hukua kwenda juu, na nyuzi zake zimelala kwa urefu wa shina kama mabua yaliyofungwa pamoja katika mzigo. Ukiuvuta mzigo huo kwa urefu wake hutaweza kuukata, lakini ukiyasukuma mabua kwa ubavu yataachana bila taabu. Kabla hamjachora mnyama yeyote, chukua ubao wa saiprasi wa inchi sita kwa moja, ukate vibanzi viwili vyenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 10, kimoja kikifuata urefu wa ubao na kingine kikiukingama, kisha umpe mwanafunzi mmoja avivunje mbele ya wenzake. Kile cha kukingama hukatika kati ya vidole kama biskuti, na mahali kilipokatika huwa pamenyooka. Kile cha urefu hupinda kwanza, hulia, na kikivunjika huacha nyuzi zilizochanika kama ncha ya kamba kuukuu. Zoezi hili huchukua dakika tano, na katika darasa langu lilifundisha jambo ambalo maelezo yangu ya ubaoni yalikuwa yameshindwa kulifundisha kwa miaka miwili.

Sasa mtazame kifaru wenu. Nadhani mlimchora kwa ubavu kwenye kipande cha nne kwa mbili, mgongo ukifuata urefu wa mbao kwa kuwa hivyo ndivyo anavyotoshea. Mgongo ukapata nguvu zote, lakini miguu yote minne ikawa imekatwa kukingama nyuzi, na mguu wa namna hiyo ni ule mfano wa biskuti, hata kama mchongaji ana mkono wa dhahabu. Mkimsimamisha ili miguu ifuate nyuzi, basi pembe na mkia ndivyo vitakavyodhoofika. Twiga ana tatizo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi, na ndiyo maana mimi huwa simruhusu twiga darasani mpaka mradi wa pili.

Njia nyepesi ya kuepuka jambo hili ni kuchagua mnyama ambaye umbo lake halina kitu chembamba kinachochomoza. Kiboko aliyelala, kobe, mamba, sungura aliyejikunyata na chura wote hutoka vizuri katika kipande kimoja. Kanga, yule ndege mwenye madoa ambaye Waluo humwita aweno, ni karibu yai tupu lenye kichwa kidogo, na madoa yake humpa mwanafunzi asiyejua kuchora nafasi ya kung'aa. Kwa wanafunzi wanaotaka jambo la ajabu kidogo, nawapa nzohe, yule swala wa kinamasi ambaye Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, karibu na Kitale, ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya kumlinda. Nzohe akiogopa hujizamisha majini akaacha pua tu nje. Mwanafunzi akimchonga hivyo, mgongo na kichwa juu ya ubao uliopakwa rangi ya maji ya kinamasi, amepata sanamu isiyohitaji mguu hata mmoja, naye ameeleza tabia ya kweli ya mnyama.

Hata hivyo, watoto wa Nakuru watataka kifaru, na ni haki yao, maana wanakaa jirani na mbuga iliyo na vifaru weusi na weupe pia. Kwa kifaru, acheni kuchonga kutoka kipande kimoja, mwunganisheni. Mwili ukatwe katika nne kwa mbili, urefu wa sentimita 18 hivi, nyuzi zikitoka kichwani kwenda mkiani. Miguu ikatwe peke yake katika mbao ya mbili kwa moja, kila mmoja urefu wa sentimita 7, nyuzi zikisimama wima. Toboeni tundu la milimita 6 kwa keekee ya mkono, kina cha sentimita 2 mwilini na sentimita 2 katika kila mguu, mtie kijiti cha mviringo na gundi ya mbao, kisha mfunge kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, ukizungushwa kwa kuvutwa sana, mpaka kesho yake. Utepe huo unabana vizuri kuliko vibano vingi vya dukani, na fundi yeyote wa baiskeli atawapa tyubu zilizotoboka bila malipo. Pembe nayo ichongwe kwa kijiti na kupachikwa kwenye tundu lake, nyuzi zikielekea kwenye ncha.

Kuunganisha kuna faida nyingine, kwamba mwanafunzi hulazimika kuamua kila kiungo kinakaa wapi. Kifaru mweupe ana mdomo mpana wa kulishia majani ya chini, kichwa chake kinaning'inia, na ana nundu juu ya mabega. Kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka wa kuvutia vijiti vya vichaka, na hubeba kichwa juu zaidi. Rangi ya ngozi haiwatofautishi, kwa sababu wote wawili ni wa kijivu, pamoja na tope walilogaagaa. Nimewahi kuona mwanafunzi akipaka kifaru chokaa tupu kwa kuwa jina lake ni mweupe, na sikuwa na moyo wa kumkosoa kwa ukali, maana jina lenyewe ndilo lililompotosha.

Heroe wa Ziwa Nakuru msijaribu kumchongea miguu ya mbao. Mwili wake ukatwe katika mbili kwa mbili, na miguu iwe ya spoku za baiskeli, ambazo unene wake ni kama milimita 2, zikipachikwa katika matundu membamba na kushikwa kwa gundi. Pindeni spoku pale inapoonekana kama goti lililogeuka nyuma. Kiungo hicho kwa kweli ni kifundo cha mguu, na goti lenyewe limefichwa juu ndani ya manyoya. Shingo inayojikunja ikatwe katika kipande cha plaiwudi, kwa sababu tabaka zake zimepishana nyuzi, na hivyo hakuna upande uliobaki dhaifu. Heroe anayekula huinamisha kichwa mpaka mdomo ukageuka juu chini, na mkao huo humfaa mchongaji, kwani ncha ya mdomo ikigusa kitako cha sanamu inakuwa mguu wa tatu.

Nije kwenye jakaranda, ambayo ndiyo iliyoniadhibu mimi mwenyewe. Zamani kidogo, katika shule moja ya Kisumu, upepo uliangusha mti wa jakaranda uani, nami nikaona riziki imejileta. Tuliukata vipingili, tukachonga viboko ishirini na watatu mwezi wa Januari mbao ikiwa bado na maji, ikakatika kama muhogo, na kila mtu akafurahi. Kufikia Machi kila kiboko alikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi mkiani, mwingine mpana kiasi cha kuingiza sarafu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila seremala analijua: mbao mbichi ikianza kukauka chini ya kiasi cha asilimia 30 ya maji husinyaa, na haisinyai sawasawa. Husinyaa kukizunguka kiini karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gandani, na kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Kwa hiyo kipingili cha mviringo chenye kiini chake katikati ni lazima kipasuke, kwa kuwa pete za nje zinataka kujifupisha na hazina pa kwenda.

Hapa ndipo picha za Meksiko zilipokudanganya kidogo. Wanyama wale huitwa alebrije. Jina hilo linahusishwa na Pedro Linares wa Mexico City, fundi wa sanamu za karatasi na gundi, aliyesimulia kwamba viumbe hao alikutana nao katika ndoto za homa katika miaka ya 1930. Wale wa mbao ni wa jimbo la Oaxaca, ambako Manuel Jiménez wa kijiji cha Arrazola ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wao, nao huchongwa katika mti uitwao kopali. Kopali nayo huchongwa ikiwa mbichi, kwa panga na visu, lakini baada ya hapo sanamu huachwa ikauke kwa muda mrefu, nyufa zikatafutwa na kujazwa vibanzi na unga wa mbao, zikapigwa msasa, ndipo brashi ya kwanza ikaguswa. Wachongaji wa Wamunyu huko Ukambani, ambao ufundi wao hufuatiliwa hadi kwa Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, nao hutumia jakaranda kwa sababu ni laini na nyepesi, na wanajua kuisubiri. Picha haionyeshi kusubiri. (Ajabu ndogo ni kwamba saiprasi mliyopewa na fundi, inayopandwa kuanzia Elburgon hadi Kericho, ndiyo yenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, kwa hiyo darasa lako tayari lilikuwa na mti wa huko mkononi.)

Lile gogo likiwa bado lipo, lipasueni katikati kwa urefu, mkate kiini na kukitupa, mpake ncha zake nta au rangi kuukuu ili maji yasikimbilie huko, na myaweke mapande kivulini, juu ya vijiti vinavyoruhusu upepo kupita chini. Msiyaanike juani. Kila Jumatatu mwanafunzi mmoja apime kipande kilekile kwenye mizani ya duka la jirani na kuandika gramu zake ukutani. Uzito ukikaa palepale kwa wiki tatu mfululizo, mbao imekauka kiasi cha kutosha kwa hali ya hewa yenu. Kwa unene wa inchi mbili jambo hili linaweza kuchukua miezi kadhaa, kwa hiyo jakaranda ni ya mwaka ujao, na muhula huu mfanye kazi na mabaki ya saiprasi yaliyokauka katika karakana za useremala.

Kuhusu mabaki hayo, kuna mawili ambayo sitaki mwanafunzi yeyote ayaguse. La kwanza ni vipande vya nguzo za umeme au za ua zenye rangi ya kijanikijani, kwa kuwa nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Zisikatwe, zisipigwe msasa, na mabaki yake yasichomwe jikoni. La pili ni mbao za paleti zenye chapa ya MB, maana yake zilifukizwa kwa gesi ya sumu ili kuua wadudu. Zenye chapa ya HT zilipashwa joto tu, na hizo hazina neno.

Rangi yenu ilibambuka, nadhani, kwa sababu mliipaka rangi ya mafuta juu ya mbao yenye maji na vumbi. Maji yakitafuta njia ya kutoka huisukuma rangi kama ngozi ya lengelenge. Mbao ikiwa kavu, ipigwe msasa namba 80 kuondoa alama za tupa, kisha 120, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na ipakwe rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyopunguzwa maji kiasi. Mkono huu wa kwanza utaamsha nyuzi na uso utakuwa na manyoya. Usishtuke, upigwe msasa namba 220 kwa wepesi, kisha mkono wa pili ufuate. Juu ya weupe huo rangi yoyote ya maji itashika na kung'aa. Kwa darasa kubwa, lita 4 za rangi nyeupe ya ukutani na vichupa vya rangi kali za kuchanganyia, vinavyouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, vinatosha kwa gharama ndogo kuliko mirija ya akriliki. Sharti lake ni kuhakikisha kopo limeandikwa kwamba rangi haina madini ya risasi. Mkitumia rangi za unga za shule, mfunike kwa vanishi, la sivyo jasho la mikono ya wazazi litaondoka na pundamilia.

Kuhusu mapambo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanaupinga: sipendi madoa yanayotapakaa popote kwa sababu tu picha ya Meksiko ilikuwa nayo. Pambo lifuate mwili. Milia ya pundamilia hugawanyika begani na kulala kwenye paja. Mwanafunzi aliyeitazama vizuri ataweza hata kuigeuza nyekundu na buluu, na mnyama akabaki mnyama. Mfano wa karibu zaidi na sisi uko Tabaka, Kaunti ya Kisii, ambako mawe ya sabuni hupakwa rangi kisha hukwanguliwa kwa ncha kali ili weupe wa jiwe utokee kama mchoro. Jaribuni hivyo kwenye mbao: weupe chini, rangi moja nzito juu, na kabla haijakauka kabisa, ncha ya msumari ichore magamba ya mamba au manyoya ya kanga. Mstari uliokwanguliwa huwa mwembamba kuliko wa brashi yoyote ambayo shule inaweza kununua.

Wanafunzi 46 hawawezi kukata kwa wakati mmoja, na hawahitaji kufanya hivyo. Katika kipindi cha dakika 80, wanane wawe kwenye misumeno kwa zamu, sita kwenye keekee na gundi, na wengine wote wachore, wapige msasa au wapake mkono wa msingi. Wiki inayofuata wabadilishane. Tengenezeni kwanza vizuizi vya kukatia, kila kimoja kikiwa ubao wa sentimita 20 kwa 30 wenye kipande kilichopigiliwa juu ya ukingo mmoja na kingine chini ya ukingo wa pili. Kile cha chini hukwama kwenye dawati, cha juu hushika mbao, na mkono wa mtoto haupiti tena mbele ya meno ya msumeno. Patasi nne zikae meza moja, karibu nawe, zitumike kwa kuzungusha kingo tu, mikono yote miwili ikiwa nyuma ya makali. Kazi kubwa ya umbo ifanywe kwa tupa ya mbao, ambayo ni ya polepole lakini haimjeruhi mtu kwa urahisi. Siku ya msasa mtoke nje, mfunge vitambaa puani.

Alama zitolewe sanamu ikiwa nyeupe, kabla ya rangi yoyote. Iweke dawatini, simama mbali mita mbili, na uulize darasa ni mnyama gani. Wakimtambua, umbo limekamilika na mwenye kazi aendelee kwenye rangi. Wasipomtambua, arudi kwenye tupa, maana rangi haijawahi kumwokoa kiboko aliyefanana na kiatu.

Mwisho, vifaru wenu waliovunjika msiwatupe. Kateni mashina ya miguu iliyobaki mpaka tumbo liwe tambarare, toboeni matundu manne, na muwape miguu mipya yenye nyuzi zilizosimama wima. Nyufa za sanamu za jakaranda zisijazwe sasa. Subirini uzito utulie, kisha mtie katika kila ufa kibanzi cha jakaranda kilichochongwa kama kabari na kupakwa gundi, mkisawazishe kwa msasa. Vibanzi hivyo vihifadhiwe kuanzia leo katika boksi moja na gogo, ili vikauke pamoja nalo.